Injini Kongwe za Reli: Maswali Yenu

*Injini iitwayo Mount Gelai, iliyopo Makumbusho ya Reli Nairobi, mbona ina umbo la ajabu vile? (Msomaji, Voi)*

Kwa sababu ya uzito wake, takriban tani 252. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na Beyer Peacock wa Manchester miaka ya 1950, na hakuna injini za mvuke kubwa kuliko hizo zilizopita kwenye reli yenye upana wa mita moja. Uzito huo ulibidi utawanywe, ndipo ukatumika muundo wa Garratt: boila, yaani tangi la kuchemshia maji, imening'inizwa katikati ya seti mbili za magurudumu, kila seti ikijipinda yenyewe kwenye kona. Ukifika pale, kibao kisome baadaye. Chuchumaa kwanza utazame boila ilipoegemea.

*Injini ya zamani imesimama nje mjini kwetu. Tuisugue kutu na kuipaka rangi? (Msomaji, Tabora)*

Nawaomba msubiri. Injini nyingi za enzi hizo zilivishwa asbesto chini ya bati la nje ili joto lisipotee, na vumbi lake huharibu mapafu. Mtaalamu aichunguze kwanza. Fedha mlizochanga zijenge paa, kwa kuwa maji yanayotuama ndani ya bati hula chuma hata chini ya rangi mpya.

*Kwa nini zisiwashwe zote? (Msomaji, Kisumu)*

Boila iliyolala miaka mingi huonekana nzima kumbe imekonda. Lazima ipimwe unene, ijaribiwe kwa shinikizo la maji, na mara nyingi mabomba yake yang'olewe. Chache zingurume, naafiki kabisa. Zilizobaki ziachwe na viraka vyake, maana ndivyo vinavyoonyesha kazi ya mafundi wa karakana.

*Wageni wa makumbusho ya Nairobi husimuliwa simba tu. Je, ni haki? (Msomaji, Mombasa)*

Behewa ambamo simba alimuua afisa wa polisi Charles Ryall, katika kituo cha Kima, mwaka 1900, limehifadhiwa pale, na kisa chake ni cha kweli. Lakini wafanyakazi wapatao 2,500 walioletwa kutoka India walikufa reli ya Mombasa hadi Kisumu ikijengwa, wengi wao kwa maradhi na ajali. Hao wanastahili ukuta mzima. Vilevile madereva na wachochea moto wastaafu warekodiwe sasa, wakiwa wamesimama ndani ya kibanda cha injini, kila mmoja akionyesha vali aliyoishika na kueleza alivyoizungusha.