Ile mashine ya mabilioni sio yangu jamani

Mdogo wangu, nimeona ulichoandika kwenye grupu la familia, eti bro anashika mashine ya mabilioni huko Ujerumani halafu ada ya mtoto wa shangazi inamshinda. Nakujibu maana naona hata mama ameanza kunisalimia kwa mafumbo.

Mabilioni ni kweli, ni hadubini ya elektroni, ila ni mali ya taasisi, mimi nina zamu tu na zamu ikinipita narudi kwenye foleni. Kazi yenyewe ni kugandisha seli ghafla, unaidumbukiza kwenye ethani ya kimiminika iliyopozwa kwa naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri ili maji yasipate muda wa kuwa fuwele, kisha naichonga kwa miale ya ayoni, yaani chembe zenye chaji, mpaka ibaki nyembamba mno, unene wa nanomita kama 200, ndo elektroni za hadubini zipite. Pumzi yangu tu ikifika pale, unyevu unagandia juu ya sampuli, siku imeenda.

Sasa sikiliza. Mwanasayansi Dubochet alihangaika na hili jambo la kugandisha kule Heidelberg miaka ya 80 mwanzoni, Nobel ya kemia kapata 2017 pamoja na wanasayansi wenzake Frank na Henderson. Piga hesabu hiyo. Mimi mkataba wangu miaka miwili! Na kibali cha kukaa kinafuata mkataba, mkataba ukibakiza miezi hata mwenye nyumba anakuangalia vingine, benki ndo usiguse. Sheria ya huku ukishamaliza PhD kwa kawaida chuo kinaweza kukuzungusha na mikataba ya muda mpaka miaka 6, baada ya hapo upate ajira ya kudumu, na hizo nafasi ni za kugombania kwelikweli. Mshahara sio mbaya, sidanganyi, ila mtu asiyejua mwakani atakuwa nchi gani anaahidije ada ya miaka minne?

Kwa hiyo kama unawaza kuja huku, usije. Labda uwe na skolashipu iliyosainiwa, hapo njoo, tena haraka. Kijerumani anza leo, maabara tunaongea Kiingereza lakini barua za kodi na bima haziongei Kiingereza. Jifunze Python pia, ile lugha ya kuandikia programu za kompyuta, picha zetu zote zinachakatwa na kompyuta na hiyo inalipa popote hata huko Dar. Bora ubaki Dar kwanza. Ah, mimi wiki hii nimechoka, usinisikilize sana. CV nitumie niipitie, ila usimwambie mama kwamba nimekuambia uje.