Maswali ya Wasomaji: Vodka, Vanila na Tui la Korosho

SWALI: Shikamoo mama. Kwenye harusi moja jijini Dar es Salaam nilionja kokteli ya vodka yenye harufu ya vanila, tamu na nzito kidogo, nami ningependa kuwaandalia wageni wangu wachache mwisho wa mwezi. Nilijaribu kutia kijiko cha chai cha arki ya vanila, ile ya kuwekea keki, kwenye glasi ya vodka yenye barafu na sukari, lakini kinywaji kilitoka kichungu, kikanuka kama dawa ya kikohozi, na sukari ikabaki chini ya glasi. Jirani yangu ananishauri pia nitumie nipa, ile pombe kali ya mabibo inayotoneshwa kienyeji, badala ya vodka kwa kuwa haina gharama. Je, nifanyeje?
Msomaji, Shangani, Mtwara

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na la jirani, maana halihitaji maneno mengi: usitumie nipa. Nayajua mabibo, yaani matunda ya mkorosho, yanavyojaa mashambani msimu wa korosho ukifika, na najua uraka (pombe ya mabibo isiyotoneshwa) na nipa si vitu vigeni huko kwenu, lakini pombe iliyotoneshwa kienyeji sheria haiiruhusu, nguvu yake haijulikani, na ikiwa imechanganyika na methanoli huwezi kuitambua kwa macho wala kwa pua, ilhali methanoli hupofusha na huua. Nunua vodka ya chupa iliyofungwa vizuri, yenye nembo ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) na stempu ya kodi. Haihitaji kuwa ya bei kubwa, kwa kuwa vanila na sukari vitafunika mengi.

Sasa tuje kwenye kinywaji chenyewe. Wengi hudhani vanila ni tamu kwa sababu wameizoea ndani ya keki na aiskrimu, kumbe yenyewe hutoa harufu na uchungu kidogo tu, na utamu wote hutoka kwenye sukari. Arki nyingi za bei nafuu zina vanilini ya kiwandani, ambayo ni kemikali moja kati ya nyingi zinazoijenga harufu ya ganda halisi la vanila, na kijiko cha chai ulichotia kwenye glasi moja ndicho kipimo kinachotosha keki nzima. Ukilazimika kutumia arki hiyo, matone 3 au 4 kwa glasi yanatosha kabisa.

Lakini ukiweza, agiza maganda ya vanila yaliyokaushwa, ambayo hapa nchini hulimwa hasa mkoani Kagera. Bei yake itakushtua, na ina sababu. Ua la vanila huchanua kwa siku moja tu, na nje ya Mexico, ambako ndiko asili ya mmea huo, kwa kawaida halizai mpaka mkulima alichavushe kwa mkono, ua moja baada ya jingine. Njia inayotumika hadi leo iligunduliwa mwaka 1841 katika kisiwa cha Réunion na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12, kwa kutumia kijiti na kidole gumba. Baada ya hapo ganda hukaa mtini miezi kama 9, kisha huivishwa na kuanikwa kwa miezi mingine kabla ya kupata ile rangi ya kahawia na harufu unayoitafuta.

Kwa bahati, maganda 2 yanatosha nusu lita ya vodka. Yapasue kwa urefu kwa ncha ya kisu, uone zile mbegu nyeusi ndogo kama vumbi la mkaa, uyatie kwenye chupa ya kioo pamoja na vodka na uifunge vizuri. Iweke kabatini mbali na jua, uitikise mara moja kwa siku, na uanze kuonja siku ya tatu. Kufikia wiki moja rangi itakuwa imekaribia ya chai ya rangi, na hapo uyatoe maganda. Usiyatupe: yakaushe na uyafukie kwenye kopo la sukari, sukari yote itanukia.

Sukari ya chenga haiyeyuki vizuri kwenye pombe baridi, ndiyo maana ilikubakia chini ya glasi. Pika shira nyepesi kwa gramu 200 za sukari na mililita 200 za maji, uiepue mara sukari inapoyeyuka, uiache ipoe.

Kuhusu ule uzito, kwenye harusi ile huenda walitumia krimu, ila kwa mtu anayeishi Mtwara sioni sababu ya kuhangaika na krimu ya kopo. Nunua korosho mbichi zilizobanguliwa, na uchukue vipande, kwa kuwa ni nafuu kuliko nzima na hapa vinafaa vilevile. Loweka gramu 100 usiku kucha, umwage maji hayo, usage kwa mililita 300 za maji safi, kisha uchuje kwa kitambaa. Tui hilo litumie ndani ya siku 2, likae kwenye jokofu.

Kwa glasi moja, chukua mililita 50 za vodka ya vanila, mililita 20 za shira na mililita 60 za tui la korosho, uvitie pamoja na barafu kwenye chupa pana yenye kifuniko, utikise kwa nguvu mpaka chupa iwe baridi hata kuishika ni taabu, uchuje, kisha ukwangue kungumanga kidogo juu. Ndimu usitie, itakata tui. Kwa joto la huko, tumia barafu ya mabonge, kwa kuwa iliyopondwa huyeyuka upesi na kukifanya kinywaji maji matupu. Vodka yenyewe waweza kuilaza kwenye friza, kwani ile ya asilimia 40 haigandi kwenye friza ya nyumbani.

Waeleze wageni kwamba kila glasi ina kipimo kizima cha pombe kali, kwa sababu utamu huuficha ukali na mtu hunywa tatu akidhani ni maziwa. Atakayeendesha pikipiki au gari asinywe kabisa.

SWALI: Mimi na familia yangu hatutumii kilevi. Je, twaweza kupata ladha hiyo bila vodka?
Msomaji, Lindi

JIBU: Mnaweza, ila jihadharini na arki, kwa kuwa arki halisi ya vanila huloweshwa kwenye pombe. Tumieni ganda lenyewe: lipasue, ulichemshe ndani ya shira kwa moto mdogo kwa dakika 10, uliache humo mpaka ipoe. Mililita 30 za shira hiyo kwa mililita 120 za tui la korosho na barafu ni kipimo kizuri, na chembe ya chumvi huongeza ladha.