Broila Wako Wanauawa na Foleni, Acha Kutafuta Dawa

Juzi msomaji mmoja wa Chanika kaniandikia. Kapakia broila wazima kwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kufika soko la kuku la Shekilango, Dar, tenga zima vibudu, na dalali kamkata bei hata kwa waliobaki. Anauliza awape dawa gani. Ndugu yangu, dawa hakuna. Toka usiku.

Nilianza kusema hivi nikiwa bado nauza kwa madalali palepale. Wenzangu walipakia asubuhi, chai imeshashuka, jua nalo linapanda. Mimi nikawa nakamata usiku wa manane, taa za banda zimezimwa, tochi moja imefunikwa kitambaa. Gizani kuku hana mbio: unamkumbatia na mabawa yake, unamweka ndani ya tenga taratibu, huvunji mtu bawa. Walinicheka sana. Dalali mmoja akanibatiza “Daktari wa Kuku”, na wapakuaji wakawa wanaliimba kila nikiegesha. Sijasahau, na sidhani kama nitasahau. Kisha ikaja Februari moja ya joto lile mnalolijua, magari yamekwama Tazara hayaendi mbele wala nyuma. Waliokuwa wakiniimba walishusha vibudu. Kuku wangu walikuwa wameshafika alfajiri, wameshauzwa, na mimi nimekaa nakunywa supu. Jina lile sikulisikia tena.

Kuku hana tezi za jasho. Anajipoza kwa kuhema mdomo wazi, na anahitaji hewa inayopita. Gari likitembea, upepo unapenya kati ya matenga. Likisimama, joto la miili yao linabaki humohumo, na wa katikati ndio wanaotangulia kufa. Kwa hiyo acha upenyo kati ya safu na safu, turubai likinge juu tu, pembeni pawe wazi. Na nyie mnaowamwagia ndoo ya maji kwenye foleni: kwa unyevu wa Dar, pasipo upepo, maji hayo hayakauki. Mnawapika kwa mvuke.

Tenga nalo lisijazwe. Kanuni ya Umoja wa Ulaya Na. 1 ya mwaka 2005 inataka kuku wa kilo 1.6 hadi chini ya kilo 3 apewe sentimita za mraba 160 kwa kila kilo ya uzito wake, na inasema kipimo hicho kinaweza kubadilika kwa hali ya hewa. Sasa wewe wa Chanika, joto lako unalijua, unawapanga mpaka wanakaliana! Chakula kiondoe saa kadhaa kabla. Maji yaache mpaka unapoanza kukamata. Na utoke usiku, narudia.

Vijana mnataka kulisha hoteli za Masaki. Chanjo mnazijua kwa tarehe, bei ya mfuko wa chakula mnaijua kwa kila duka, halafu kuku wa wiki tano mnamkabidhi dereva anayelipwa kwa tripu, awe hai au mfu hela yake ipo palepale. Sheria ya Ustawi wa Wanyama tunayo tangu mwaka 2008, lakini huyo dereva hajawahi kuisikia, na wewe hujamwambia. Mimi dereva wangu namlipa kwa kila kuku anayeshuka akiwa hai. Tangu tukubaliane hivyo, hajawahi kusimama njiani kununua vocha.