Barua kwa mwanangu aliyehamia Makete

Mwanangu,

Salamu kwako na kwa mkwe wangu. Huku Njombe tu wazima, ila ukungu hautoki hadi saa nne. Umeniuliza mfunike matuta kwa kitu gani baridi hii ya mwezi wa saba isiunguze mboga: nailoni unayoitaka wewe, au nyasi anazozitaka mwenzako. Kabla ya kufunika, niambie umelima wapi. Hukusema, nami nakujua. Umelima bondeni, sivyo?

Kinyungu, hiyo bustani ya bondeni, ni kizuri, sikatai. Maji yapo, udongo mweusi, kiangazi chote mnakula mboga. Lakini hewa ya baridi ni nzito, usiku inateremka na kulala hukohuko bondeni. Ndiyo maana nasema kila siku, na mdogo wako hunicheka: bustani ya baridi inalindwa mchana. Mahali unapachagua mchana, maji unamwagilia asubuhi ili udongo ushinde ukinywa jua. Usiku ukifika, kazi yako imeshakwisha.

Baba yako mkubwa hakutaka kulisikia hilo. Utakumbuka, tulikuwa bado Tandala. Nilipanda maharage na maboga kwenye kile kipande nyuma ya jiko, pale ukuta wa matofali ulipokuwa ukipigwa na jua hadi saa kumi. Akapita, akasimama, akawaambia watu mbele yangu kwamba mke wa mdogo wake anazika mbegu. Mbegu nilizonunua kwa pesa yangu ya pareto!

Usiku baridi ilipopiga, anga lilikuwa safi, nyota tele, upepo hakuna. Kulipokucha kinyungu chake kilikuwa cheupe chote kwa jalidi, ule umande ulioganda. Jua lilipopanda, viazi na maharage yakawa meusi, yamelegea kama yaliyomwagiwa maji ya moto. Kabichi na karoti zilisalimika, hizo hazina neno. Mimi niliunguliwa mstari mmoja tu, ule wa chini kabisa. Siku mbili tatu hazikupita, akamtuma mtoto na beseni kuomba majani ya maboga.

Nikampa, tena nikalijaza. Kilichoniuma si beseni. Aliwaambia watu kwamba kilichoniokoa ni moshi wa jiko. Moshi! Na mlango wa jiko lile ulitazama upande wa pili, wewe shahidi. Haya, pengine moshi ulisaidia kidogo, siwezi kuapa. Hapana, mwanangu, ulikuwa ukuta. Ukuta na mteremko, maana baridi ilipata pa kupitia. Mwaka uliofuata naye akapanda nyuma ya jiko lake, akafundisha majirani, wakaanza kumwita bwana shamba. Hata msibani kwake lilisemwa hilo, nami nimekaa mkekani na khanga yangu, kimya.

Sasa hiyo nailoni na hizo nyasi. Sitaki kuingia kati ya mtu na mkewe. Nailoni ikigusa jani, hapohapo linaungua, kwa hiyo inataka fito za kuinyanyua. Na jua likiwaka hujaiondoa, mboga zinapikwa. Nyasi nazo, zikitandazwa chini tu, zinazuia joto la udongo lisipande usiku, mmea unabaki juu na baridi yake. Zinafaa zikilazwa juu ya mmea jioni, asubuhi zitolewe. Nani kashinda? Mimi simo. Ila nyasi hazinunuliwi, na huyo mwenzako kakulia huko huko, si kwamba kahamia juzi. Basi, nimeishia hapo. Na bado nasema inalindwa mchana.

Nyanya achana nazo kwanza. Vitunguu swaumu vitakutunza vizuri zaidi. Ile miti ya epo uliyoikuta hapo uani usiing'oe kwa kuiona haina majani. Haijafa, inaihitaji hiyo baridi ndipo ichanue vizuri baadaye. Huu ndio wakati wa kuipunguza matawi, anza na yale yanayosuguana.

Mbegu za maboga nimezifunga kwenye kitambaa, za kupanda mvua zikianza. Nitampa dereva wa basi Ijumaa. Mkwe wangu ndiye azifuate stendi, wewe kaa nyumbani na nailoni yako.

Mama yako