Kuhamia Pembezoni mwa Nairobi: Chunguza Maji na Barabara Kabla ya Kodi

Watu wengi wa Nairobi, hasa wale wanaoanza familia, hufika mahali wakaiacha nyumba ya Umoja, Donholm au South B na kuelekea Rongai, Kitengela, Syokimau, Ruaka, Ruiru au Utawala, wakivutwa na kodi nafuu, uwanja wa watoto kuchezea na matumaini ya kununua ploti siku za usoni. Mimi nimeishi Ongata Rongai na baadaye Kitengela, na jamaa na marafiki huniuliza mara kwa mara iwapo mji fulani unafaa. Huwa sianzi na kodi. Kodi ni hesabu nyepesi, kwa kuwa utatajiwa siku ya kwanza. Kinachoamua kama familia itatulia ni maji yanayoingia nyumbani na barabara inayompeleka mtu kazini, na kuhusu hayo mawili dalali hatakueleza mengi usipomuuliza.

Anza na maji. Katika mitaa mingi ya pembezoni, mabomba ya kampuni ya maji hayajafika, au yamefika lakini hutoa maji siku chache kwa wiki, kwa hiyo watu hutegemea visima virefu vya watu binafsi, malori ya bowza na mikokoteni ya mitungi. Uliza mtungi wa lita 20 unauzwa kwa bei gani wakati wa kiangazi, kisha uzidishe kwa mitungi ambayo familia yako hutumia kwa siku. Wapo waliookoa elfu kadhaa za kodi na kuzirudisha zote kwa mwenye mkokoteni.

Usiridhike kwa kufungua mfereji wa jikoni na kuona maji yanatoka. Mwombe mpangaji wa jirani akuonyeshe birika lake. Langu, kule Kitengela, lilishika gamba jeupe, gumu kiasi kwamba nililikwangua kwa kisu. Sabuni ilikataa kutoa povu, na chai ilikuwa na ladha ya magadi. Chumvi hiyo mtu anaweza kuizoea, ila floridi ni jambo zito zaidi. Maji ya chini ya ardhi katika sehemu nyingi za Kenya, hasa Bonde la Ufa na nyanda zinazoizunguka Nairobi, huwa na floridi nyingi inayotoka kwenye miamba ya volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yaliyozidi kiwango hicho katika miaka ambayo meno ya kudumu yanajengeka huweza kuishia kuwa na madoa ya kahawia ambayo mswaki hauyatoi, na kiwango kikiwa cha juu sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huathirika. Kuchemsha hakusaidii hata kidogo, kwani maji hupungua kwa mvuke na floridi ikabaki pale pale. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana, kwa hiyo mwombe mwenye kisima matokeo ya maabara, na asipokuwa nayo, panga tangu mwanzo kununua maji ya kunywa yaliyosafishwa au kukinga ya mvua kwenye mabati safi. Nasisitiza jambo hili kwa sababu madhara yake huonekana baada ya miaka, wakati ambapo si rahisi kuyarekebisha.

Pamoja na maji, jua uko chini ya serikali ipi. Utawala na Ruai ziko katika Kaunti ya Nairobi, lakini Rongai, Ngong na Kitengela ni za Kajiado, Ruaka, Kikuyu na Ruiru ni za Kiambu, nazo Syokimau na Mlolongo ni za Machakos. Katiba ya 2010 ilizikabidhi kaunti huduma za maji na maji taka, uzoaji wa taka, zahanati na barabara za mitaani, kwa hiyo malalamiko ya mkazi wa Rongai hayapelekwi City Hall, makao ya serikali ya Kaunti ya Nairobi, hata kama anafanya kazi katikati ya jiji na kurudi nyumbani kulala tu. Uliza pia maji taka yanaelekea wapi. Pasipo mfereji wa umma wa maji taka, nyumba hutegemea shimo linalonyonywa na lori, na gharama hiyo mara nyingi hugawanywa kwa wapangaji.

Kuhusu barabara, ushauri wangu ni kwamba usiende kuona nyumba Jumapili mchana, saa ambayo kila mji uko karibu. Nenda Jumatatu alfajiri, usimame stejini saa kumi na moja na nusu pamoja na watu wanaokwenda kazini, upande matatu kama wao, kisha urudi nao jioni. Rongai imenifunza hili vizuri: magari yote ya Magadi Road yanayoelekea jijini hukutana na ya Langata Road karibu na Bomas, na ajali moja ndogo hapo huwachelewesha maelfu ya watu. Mvua ikinyesha jioni nauli hupanda, wakati mwingine maradufu, kwa hiyo bajeti ya nauli isihesabiwe kwa siku za jua pekee.

Madalali wa Syokimau na Mlolongo hutaja sana barabara ya kulipia iliyofunguliwa mwaka 2022, yenye kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Ni msaada mkubwa kwa mwenye gari anayeweza kulipa kwenda na kurudi kila siku, lakini abiria anayepanda na kushuka njiani bado hutumia barabara ya kawaida isiyolipiwa. Naona reli ina thamani zaidi kwa mfanyakazi wa kawaida. Kituo cha Syokimau kilifunguliwa Novemba 2012, na mtu anayeishi umbali wa kutembea kutoka hapo, huku ofisi yake ikiwa katikati ya jiji, ana faida ambayo mkazi wa Rongai hana. Chunguza tu saa za treni ya mwisho jioni, kisha utembee usiku kutoka kituoni hadi nyumbani uone kama kuna taa na watu njiani.

Halafu kuna udongo. Upande wa Kitengela, Utawala, Ruai na Athi River umetawaliwa na udongo mweusi wa mfinyanzi, ambao hupasuka wakati wa kiangazi na kuwa tope linalonata mvua inapoanza. Katika mitaa yetu ya ndani, bodaboda hukataa kuingia, na ukipita karibu na steji asubuhi utaona safu ya gambuti dukani, zimeachwa na watu waliobadilisha viatu kabla ya kupanda gari. Ukiziona, uliza lami inaishia wapi. Mito nayo isisahaulike: katika mafuriko ya 2024, Mto Athi ulivunja kingo zake na wakazi wa baadhi ya mitaa ya Kitengela wakalazimika kuokolewa kwa mashua. Alama ya maji kwenye ukuta wa jirani ni ushahidi tosha.

Anayetaka kununua ana mzigo zaidi. Nyumba zilibomolewa Syokimau mwaka 2011 kwa madai kwamba ardhi ilikuwa ya uwanja wa ndege, na mwaka 2023 zikabomolewa tena Athi River katika ardhi ya kampuni ya saruji. Wengi walioathirika walikuwa wamelipa na walikuwa na karatasi mkononi. Karatasi ya kikundi cha kununua ardhi haitoshi. Hakikisha umiliki katika sajili ya ardhi, mwite mpimaji aliyesajiliwa aonyeshe mawe ya mipaka, na waulize wazee wa eneo shamba hilo lilikuwa la nani. Na hata hati ikiwa safi, panga nyumba mtaani humo humo kwanza, ikiwezekana kuanzia Februari, ukae hadi mvua za masika ziishe mwezi wa Mei, kabla hujamlipa mwenye ploti.