Kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto

Wiki hii mmetuuliza: kufungua simu kwa alama ya kidole ni usalama au ni wepesi tu? Nililisoma swali nikingojea feri upande wa Likoni, mkoba nimeubana kwapani kama afanyavyo kila mtu pale, na jibu likanijia papo hapo: ni wepesi. Nimefika nyumbani, nimekaa niandike, naona linalonisumbua ni jingine. Mwenye kidole akiwa amelala, kidole chake ni cha nani?

Mamangu anauza mahamri na mbaazi Majengo tangu mimi sijaingia chuoni. Huamka saa tisa usiku akakuna nazi kwa mbuzi, kwa mkono wake, maana tui la mashine halitaki. Kisha unga, kisha mafuta ya moto. Gumba na kidole cha shahada cha mkono wa kulia vimekuwa laini kama ganda la yai. Siku ya kura, 2022, karani alimfuta vidole mara tatu na mashine haikumtambua, ikabidi atafutwe kwa nambari ya kitambulisho. Simu nayo hutafuta vile vile matuta na mabonde ya ngozi, na yakiwa yamelika haina cha kusoma.

Mwaka jana alifanyiwa upasuaji. Saa nne za usiku tukaambiwa kuna dawa haipo, ikanunuliwe nje. Tulikuwa wawili pale kitandani, mimi na kakangu, na tulichokuwa nacho mifukoni hakikufika hata nusu ya bei. Pesa za mama zilikuwa kwenye M-Pesa yake. Nambari ya siri ya M-Pesa kaka aliijua, kwa kuwa yeye ndiye huenda kumtolea kwa wakala. Kilichotuzuia ni mlango wa simu yenyewe.

Kaka akasema, "Kidole ni chake na dawa ni yake. Kosa liko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Akauinua mkono wa mama, ule usiokuwa na dripu, akalibonyeza gumba lake kwenye simu. Haikufunguka. Akaupangusa kwa shuka, akajaribu tena. Akaja kwenye kidole cha shahada. Mama alikuwa katika usingizi wa dawa, mdomo wazi kidogo, na mkono wake ulikuwa mzito, ukiachiwa unaanguka. Mimi ndiye niliyeushika kiwiko ili usianguke, nataka hilo lijulikane. Kaka alikipulizia kidole kwa pumzi kama mtu anayesafisha miwani. Mara ya tano simu ikakataa, ikataka nambari. Nikamtazama mama, nikaona tumemgeuza shada la funguo, tunajaribu mmoja baada ya mwingine. Nikamwambia kaka, "Basi, mrudishie mkono wake." Nilimpigia shangazi Kongowea, akamwamsha mumewe, na kabla ya saa sita dawa ikapatikana.

Asubuhi mama alipopata nguvu nilimweleza yote. Alinyamaza kitambo, akasema, "Mwanangu, si mngeningoja niamke?" Kisha akanionyesha kidole alichokisajili: cha mwisho, cha mkono wa kushoto. Fundi wa simu pale Mwembe Tayari alimjaribu vyote kumi, na hicho ndicho pekee ambacho nazi na mafuta hazijakila. Hakumwambia mtu.

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kidole si usalama kamwe. Nambari iliyo kichwani haitoki mpaka mwenyewe aitoe, lakini kidole kinaweza kuchukuliwa na yeyote aliyekaa karibu, na walio karibu nawe ni mume, mtoto, kaka. Tena nambari ikijulikana unaibadilisha, kidole utakibadilisha na nini? Mwaka 2013, iPhone 5s ilipotoka na Touch ID, yaani kufuli yake ya alama ya kidole, haikuchukua hata mwezi, Wajerumani wa kundi la wadukuzi, Chaos Computer Club, wakaidanganya kwa kidole bandia kilichotokana na picha ya alama iliyoachwa kwenye kioo. Hayo yote bado nayaamini.

Lakini nimekumbuka simu ya mama kabla ya hicho kidole. Miaka miwili ilikaa wazi juu ya bati la biskuti kando ya jiko, haina kufuli yoyote, kwa sababu mikono yenye unga haiandiki nambari na wateja hawangoji. Hata Apple wenyewe, walipoileta Touch ID, walisema karibu nusu ya watu hawaweki nambari ya kufungia simu. Kidole ndicho kilichomfanya mama aifunge. Wepesi ndio uliouleta usalama, na sioni namna ya kuvitenganisha kwa mtu kama yeye. Basi mkinilazimisha nichague, nachagua usalama.

Ila ni usalama dhidi ya kijana wa pikipiki anayepora simu njiani, na hata huyo akiitoa laini akaitia kwenye simu nyingine, kidole hakisaidii kitu. Siku zile sisi wenyewe hatukulikumbuka hilo mpaka kesho yake, na namshukuru Mungu hatukulikumbuka. Wekeni nambari ya siri kwenye laini pia. Dhidi ya watu wa nyumbani, kidole hakina nguvu. Kilichomlinda mama usiku ule ni kwamba hakusema ni kidole kipi, na sasa nimeshakisema mimi hapa, kwa idhini yake, maana amekifuta. Anatumia nambari peke yake, anaiandika polepole, na wateja wanangoja. Mimi amenitajia, endapo atalazwa tena. Kaka hajamwambia.