Muulize Meku wa Kanda: Mngurumo na piano

*Shikamoo Meku. Mimi napiga kinanda kwenye kwaya ya vijana usharikani. Kaka yangu kanitumia albamu ya kwanza ya bendi ya Theatre of Tragedy. Mwanamume ananguruma hadi spika ya simu inakwaruza, mwanamke anaimba soprano laini, halafu kuna piano ambayo kila nikiisikia vidole vinataka kuifuata. Mwenyekiti wa kwaya kaisikia, kasema ni muziki wa shetani. Ni kweli? Na kwa nini hiyo piano naiona kama naijua?*
Mpiga kinanda, Kiborloni, Moshi

Marahaba, mwanangu. Nianze na swali lako la mwisho, ndilo lenye nyama.

Unaijua kwa sababu ni ndugu wa kile unachopiga Jumapili. Wamisionari wa Kilutheri waliofika Kilimanjaro mwaka 1893 walitumwa kutoka Leipzig. Mji huohuo ndiko Johann Sebastian Bach alikosimamia muziki wa kanisani kuanzia 1723 hadi alipofariki 1750. Nyimbo za sauti nne walizofundishwa babu zetu zilikuja na desturi ile ya Kijerumani ya kupanga kodi, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja. Norwei, nyumbani kwa bendi yako, nayo ni nchi ya Kilutheri tangu karne ya 16. Kwa hiyo Stavanger, mji wao, na Kiborloni mmekunywa kisima kimoja, ila wenzako wameongeza magitaa ya umeme.

Ukitaka ushahidi, kaa kwenye kinanda leo. Chukua ufunguo wa C, lakini nyumbani, yaani noti ya kutulia, pawe la, si do. Mkono wa kushoto ushuke la, so, fa, mi, noti moja moja, bila haraka. Ukifika mi, mkono wa kulia upige E, ile nyeusi iliyo kati ya G na A, na B. Tulia hapo. Ukisikia mwili unataka kurudi la kabla vidole havijarudi, basi umeipata. Besi ya kushuka namna hiyo ilitumika Ulaya kwenye nyimbo za maombolezo tangu karne ya 17, na wanaopiga metali ya gothiki, yaani muziki huu wa magitaa mazito na huzuni, wanaipenda kupita kiasi.

Albamu yenyewe mimi niliipata kwa kanda, enzi za kibanda changu pale Kiusa. Mpagazi mmoja aliteremka nayo mlimani, kapewa na mtalii pamoja na soksi, akataka nimbadilishie kwa Remmy Ongala. Nikampa. Wateja wakikisikia kile kitu walikuwa wanasogea kwa jirani auzaye mitumba, nami nikawa naipiga jioni, biashara ikishalala.

Kilichonishika ni kazi ya Lorentz Aspen, mpiga kinanda wao. Bendi nyingi za aina hii humwachia mpiga kinanda kazi ya kutandika godoro chini ya magitaa, alale huko asisikike. Huyu piano yake ina wimbo wake. Raymond Rohonyi akinguruma, piano inamjibu juu kabisa, noti chache, safi, na kwa kuwa mwendo ni wa polepole unazisikia zote. Katika wimbo “...A Distance There Is...” anayebaki mbele ni Liv Kristine, yule wa soprano, na kinanda, na hapo ndipo utakapojua kwamba magitaa yalikuwa yanabeba huzuni ile ile kwa njia nyingine. Maneno ni Kiingereza cha kale, ambacho hata Waingereza hawakisemi tena. Nusu yake sikifuati na sijaona hasara.

Si wao waliouanza ukoo huu. Paradise Lost wa Halifax, Uingereza, walitoa albamu iitwayo Gothic mwaka 1991, yenye mngurumo, sauti ya kike na vinanda, na jina la albamu likawa jina la aina nzima ya muziki. Theatre of Tragedy waliungana mwaka 1993, albamu yao ikatoka 1995, imerekodiwa Uswidi kwenye studio ya Dan Swanö. Kufikia albamu ya Aégis ya mwaka 1998 Rohonyi alikuwa ameacha kunguruma. Wengi wanaipenda zaidi hiyo. Mimi naona piano ilikosa wa kubishana naye.

Kuhusu shetani: albamu hii inaimba mapenzi, kifo na majuto. Ni kweli Norwei hiyohiyo vijana wa bleki metali, tawi jingine la metali, walichoma makanisa, na lile la mbao la Fantoft, Bergen, liliteketea mwaka 1992. Hao ni wengine. Mwenyekiti usibishane naye. Mwekee ule wimbo wa Liv Kristine, mngurumo aukute baadaye akiwa ameshakaa.

*Heshima yako, Meku. Mwanangu wa miaka 16 anajifungia chumbani ananguruma kama hao waimbaji wa metali. Hatapasua koo?*
Mama wa Sakina, Arusha

Mama, ukipita boma la Wamaasai siku ya sherehe, sikiliza wanaume wanavyotoa mlio mzito wa kooni chini ya sauti ya kiongozi. Koo la mtu lina uwezo kuliko tunavyodhani. Juu ya nyuzi za sauti kuna mikunjo mingine, na anayenguruma vizuri huifanya hiyo itetemeke, pumzi ikisukumwa kutoka tumboni. Tena haimbi kwa nguvu unayodhania, maikrofoni ndiyo inayofanya ukubwa. Anayeumia ni yule anayekaza shingo na kupiga kelele tu.

Anywe maji, aanze kwa muda mfupi, na akisikia kuwasha au maumivu aache palepale. Sauti ikibaki imekwaruza wiki tatu, mpeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na mlango aufunge, hilo ni kwa ajili yako.

*Meku, Afrika Mashariki tuna wa kwetu wanaopiga metali?*
Msomaji, Njiro

Wapo. Bendi ya Duma ya Nairobi walitoa albamu yao mwaka 2020 kupitia lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Usitafute piano humo: ni mayowe juu ya mitambo iliyokasirika, na sijui jirani wa Njiro aliyelala saa tatu usiku atakuambia nini.